Sumukuvu Haina Pasipoti



Kila tukutanapo huku ughaibuni, iwe harusi au hitima, chai haiishi kabla mazungumzo hayajafika mpakani. Mkenya atasema Watanzania wana roho mbaya, waliwachoma vifaranga wetu Namanga. Mtanzania atajibu kwamba Wakenya wana kiburi, waliyaita mahindi yetu sumu. Mganda naye atakumbushia maziwa yake yaliyokamatwa Kenya mwaka 2020. Kila mmoja ameshika bendera yake, na mkulima anayelipia ubishi huo hayupo kwenye jamvi.

Mimi nasema hivi: katika ugomvi wa mazao, serikali zetu zimekosa kwa namna moja, na sisi tunaozishangilia kutoka mbali tunaongeza kuni kwenye moto usiotuunguza.

Tuanze na Kenya. Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya nchi hiyo iliwaandikia watu wa forodha barua, kwamba mahindi yote kutoka Tanzania na Uganda yazuiwe kwa sababu yana sumukuvu kupita kiasi. Malori yakakwama mpakani yakiwa yamesheheni. Haikupita wiki, amri ikalegezwa na masharti yakatolewa: waagizaji wajiandikishe, kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni, na ijulikane mahindi yalilimwa wapi. Masharti hayo yana akili. Lakini kwa nini yalikuja baada ya marungu? Mtu mwenye adabu hupiga hodi kwanza, havunji mlango ndipo aulize kama kuna watu.

Asije mtu akasema napuuza sumu. Sumukuvu inaua. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya waliugua watu 317, wakafa 125. Mwaka 2016 Tanzania ilizika watu wasiopungua 19 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ukungu huo hutokea pale mahindi yanapovunwa mabichi, yakaanikwa chini kwenye udongo, yakafungwa kwenye magunia kabla hayajakauka. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibika ini bila kujua.

Sasa angalia vizuri. Mahindi yaliyoua mwaka 2004 yalikuwa yamelimwa papo hapo, katika mashamba ya wale wale waliokufa. Waliokufa Dodoma hawakula mahindi ya Kenya. Sumukuvu haina pasipoti, haisimami Namanga kugongewa muhuri. Ukilizuia gunia kwa sababu limetoka nchi fulani, hujazuia sumu, umezuia jina la nchi. Gunia zuri la Kibaigwa umelikataa, na gunia bovu la kwako umeliacha liende kinuni.

Na Kenya walijua njia iliyo bora, maana walikwisha kuitumia. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipima unga uliokuwa madukani na kusimamisha chapa 5 zilizozidi kiwango. Wenye viwanda wakaambiwa warekebishe. Hakuna aliyetoa amri kwamba unga wote wa Kenya ni haramu. Kwa nini basi unga wa nyumbani ulihukumiwa mfuko kwa mfuko, na mahindi ya jirani yakahukumiwa taifa zima?

Watanzania wenzangu, msianze kupiga makofi. Na sisi tuna ya kwetu. Mwaka 2011 tulizuia mahindi yetu yasitoke nje. Juni 2017 tukarudia, eti kulinda chakula, mwaka ule ule ambao Kenya ilikuwa na ukame na meli ya mahindi kutoka Mexico ikatia nanga Mombasa. Fikiri jambo hilo! Jirani ana njaa na fedha mkononi, mkulima wa Nyanda za Juu Kusini ana mahindi ghalani, na baina yao kuna barabara ya lami. Lakini chakula kikavuka bahari, na huku kwetu bei ikaporomoka mpaka mkulima akashindwa kurudisha gharama ya mbolea. Oktoba mwaka huo huo vifaranga 6,400 kutoka Kenya vikateketezwa kwa moto Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Kama hofu ilikuwa ya kweli, kulikuwa na karantini, na kulikuwa na kuvirudisha vilikotoka.

Hata Aprili 2025, Malawi na Afrika Kusini zilipokuwa zimefunga milango kwa baadhi ya mazao ya Tanzania, ndizi zikiwemo, Tanzania ilijibu kwa kufunga mlango kwa mazao yote ya kilimo ya nchi hizo mbili. Siku chache baadaye ikafungua ili mazungumzo yaendelee. Wako waliosema dawa ya moto ni moto. Nakubali kwamba Malawi na Afrika Kusini walikuja mezani. Lakini mwenye lori la matunda yanayooza juani hana habari ya nani alishinda. Siku mbili kwa waziri ni mkutano, kwa mwenye matunda ni mtaji.

Sisi tulioko Ulaya tunapenda kulalamika kwamba wazungu wanatuwekea viwango vigumu. Ni kweli, na mara nyingine viwango hivyo vinaumiza. Lakini tazama walivyofanya Januari 2013, walipokuta dawa ya wadudu imezidi katika maharage mabichi ya Kenya. Walitangaza kwa sheria iliyoandikwa kwamba asilimia 10 ya shehena itapimwa. Wakulima wa Kenya waliumia sana, wengine wakaacha kabisa kilimo hicho. Hata hivyo kila mmoja alijua kipimo ni kipi, kinapimwa wapi, na afanye nini ili afaulu mtihani. Aibu iliyoje kwamba mgeni anatupa taarifa na ndugu anatuvizia!

Maana udugu huo tumeuandika wenyewe. Jumuiya ya kwanza ilikufa mwaka 1977, tukailia. Tukaifufua kwa mkataba wa 1999. Umoja wa Forodha ulianza 2005, Soko la Pamoja 2010, na mwaka 2017 ikatungwa sheria ya Jumuiya ya kuondoa vikwazo visivyo vya kodi. Kiwango cha mahindi nacho ni kimoja kwa nchi zote za Jumuiya: unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Ikiwa kipimo ni kimoja, cheti cha Arusha kinakataliwaje Nairobi, na cha Nairobi kinatiliwaje shaka Arusha? Tunachokosa ni kuaminiana kwa maabara, na jambo hilo hutengenezwa na wataalamu wakipimiana sampuli, halitengenezwi na barua ya usiku.

Amri za ghafla hazimzuii hata mlanguzi. Zinamnufaisha. Mpaka ukifungwa, njia za panya zinafunguka. Mahindi yanapita usiku bila kupimwa na yeyote, mkulima analipwa nusu bei na kujaziwa lumbesa juu yake, na mlaji wa upande wa pili anakula asichokijua. Aliyesema analinda afya ndiye aliyeifungulia sumu mlango wa nyuma.

Tufanye nini sisi tulio mbali? Kwanza tuache ushabiki wa mpira katika mambo ya tumbo. Fedha tunazotuma kila mwezi ndizo zinazonunua mbegu na mbolea ya wazee wetu, kwa hiyo mpaka ukifungwa ghafla, nasi tumefilisiwa. Pili, vyama vyetu vinavyochanga kwa ajili ya jezi na sherehe vichange pia kwa ajili ya maturubai ya kuanikia, mifuko isiyopitisha hewa na vipima unyevu kwa vyama vya wakulima kijijini. Tatu, Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 30, unampa mkaaji yeyote wa nchi mwanachama haki ya kuipinga amri ya serikali mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, ndani ya miezi 2. Wafanyabiashara wadogo wengi hawaijui haki hiyo, na anayeijua hana nauli wala wakili. Sisi tunaweza kumchangia.

Siku amri nyingine itakapotoka, na itatoka, miezi hiyo 2 itaanza kuhesabiwa. Tuwe tumeshajipanga.

Naomba kutoa hoja.