Unga wa Mkebe

"Mwanangu, haya umeyapika au umeyafungua?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Minnesota, mtu mzima ninayemwamkia shikamoo na kumsogezea kiti. Mkononi alishika soseji ya ng'ombe iliyozungushiwa vipande vyembamba vya unga mpaka ikafanana na maiti wa Misri, na macho mawili ya haradali yakimtazama. Ilikuwa jioni ya Halloween, nyumbani kwangu Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis. Watoto walikuwa wanavaa majaketi mazito kisha wanalazimisha mavazi ya popo na mifupa juu yake, kama inavyobidi katika jimbo ambalo watu wake bado wanasimulia theluji iliyoanza kuanguka siku ya Halloween ya mwaka 1991 na kuufunika mji huu kwa zaidi ya sentimita 70.

"Nimeyafungua, mama," nikamjibu.

Akacheka, na waliokuwa karibu wakacheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita ya dini. Nilijua kuna atakayesema Halloween ni sherehe ya mashetani, na kweli ilisemwa, na kweli nilijibu kwamba binti yangu anagonga milango ya majirani kuomba peremende, haombi kitu kingine. Hoja hiyo ilikwisha kwa dakika tano. Hoja ya unga ilichukua nusu saa. Nikaambiwa mabinti wa siku hizi wameolewa na friji. Nikaambiwa chakula kisicho na mkono wa mtu hakina baraka. Kijana mmoja wa rika langu, anayesomea shahada ya uzamili, akasema kwa huzuni kwamba hivi ndivyo urithi unavyopotea. Alisema hayo akiwa amekwisha kula mumiani wanne.

Ndiyo, nyumbani tunawaita mumiani. Bibi yangu kule Kibokoni, Mombasa, alitutisha kwa mumiani, wale wanyonya damu waliotetemesha pwani nzima enzi za ukoloni. Neno hilo na lile ambalo Waingereza wanawaitia maiti waliokaushwa wa Misri ni ndugu. Yote mawili yametoka kwenye Kiajemi. Kwa hiyo binti yangu anapozungushia soseji sanda ya unga na kuiita mumiani, yeye yuko ndani ya Kiswahili kuliko wanaomhukumu.

Niseme kwanza nilichofanya siku ile, kwa sababu neno "umeyafungua" limeficha mengi.

Nilitoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi, katika nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi. Nikalala mpaka saa saba mchana. Nikapika nyama ya kusaga kwa kitunguu, kitunguu thomu, bizari, dania na ndimu, nikaiacha ikauke kabisa na kupoa, maana keema yenye maji haifungiki ndani ya unga wowote, uwe wa mama au wa dukani. Saa kumi kasoro robo basi la shule likamshusha binti yangu, na saa kumi na mbili wageni wangekuwa mlangoni.

Mkebe wenyewe ni wa karatasi ngumu. Unachambua karatasi ya nje, unabonyeza kwa kijiko pale kwenye mshono, nao unapasuka kwa mshindo. Binti yangu ana miaka saba, na mshindo ule anausubiri mwaka mzima. Ndani mna unga laini uliokunjwa, wenye michirizi ya kukatia pembetatu. Tulibana michirizi hiyo ikashikana, tukakata utepe mwembamba kwa kisu cha pizza, tukakausha soseji kwa karatasi ili unga usiteleze, tukazungusha na kuacha mwanya wa uso. Oveni digrii 375 za Fahrenheit, yaani kama 190 za Selsiasi, dakika 12 hadi 15, mpaka sanda iwe rangi ya dhahabu. Macho yanawekwa baada ya kutoka.

Kwa mkebe wa pili, ule wa vimkate vya mviringo, tulitengeneza maboga. Unabapa kimkate, unaweka kijiko cha keema, unafunga na kugeuza mshono chini. Kisha unachukua uzi wa pamba uliopakwa mafuta na kukifunga mara nne kama kifurushi, bila kukaza, kwa kuwa unga utafura na kujaza nafasi. Ukikata uzi baada ya kuoka unapata boga lenye mbavu zake, na kipande cha pilipili hoho ya kijani kinakuwa kikonyo. Kwa wa tatu, unga wa pizza, tulikata mifupa, tukaipaka siagi ya kitunguu thomu, na pembeni sosi ya nyanya yenye pilipili ndiyo damu.

Saa mbili za kazi, watu wawili. Tepe za binti yangu zilipinda, na mumiani wake mmoja alitoka oveni na jicho moja. Katika saa hizo mbili aliniambia habari za shule ambazo hajapata kuniambia ndani ya gari. Kisha ikaja ile kauli ya "umeyafungua", na usiku, baada ya wageni kuondoka, niliona aibu. Nakiri. Nilikaa na sinia tupu nikiwaza sambusa za mama yangu za Ramadhani, zile zenye kona kali kama zimepigwa rula, nikajiona mtoto aliyeuza shamba la ukoo.

Asubuhi nikampigia simu Mombasa. Nilitaka anitulize au anigombeze, lolote kati ya hayo. Nilimweleza yote. Kimya kidogo, kisha akauliza:

"Huo mkebe unakaa siku ngapi kabla ya kuharibika?"

"Wiki kadhaa, mama, ukiwa kwenye friji."

"Na sisi tulikuwa wapi?"

Nikamwambia lakini sambusa zako, mama, uliza mtu yeyote mtaani. Akacheka. "Manda nilikuwa nanunua. Umesahau? Wewe ndiye niliyekutuma."

Nilikuwa nimesahau. Kumbukumbu yangu ilikuwa imekwisha kumpa mama kazi ambayo hakuifanya. Manda zilitoka kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwanamke aliyepanga chapati nyembamba moja juu ya nyingine kwa mafuta na unga mkavu, akazisukuma pamoja, akazipitisha kwenye chuma cha moto, akazibandua moja moja zikiwa bado zinachoma vidole, kisha akazikata. Mimi nilienda na sarafu na kurudi na bunda limefungwa kwenye gazeti. Kila nyumba mtaani ilifanya hivyo. Hakuna aliyesimama mlangoni kumuuliza mama yangu kama sambusa amezipika au amezifungua.

Sasa nije kwenye hoja, na nataka niielekeze kwenu, wasomaji wa rika langu, kuliko kwa yule mama. Yeye ana haki ya utani wake. Amekanda miaka 50. Sisi hatuna. Sisi ndio tunaoandika insha za mikono ya bibi, harufu ya iliki, unga kwenye kanga. Tunaandika tukiwa tumekaa. Tumeufanya uchovu wa wanawake waliotulea kuwa pambo la maandishi yetu, na sasa tunautoza kama ushuru kwa kila mwanamke anayetaka kuwalisha watu kumi na tano jioni moja baada ya zamu ya usiku. Aliyekanda, mpishi halisi. Aliyefungua, msaliti.

Mpaka huo umechorwa wapi, na nani aliuchora? Bibi wa bibi yangu alitwanga na kusaga nafaka kwa jiwe. Mashine ya kusaga ilipofika, wanawake waliweka mchi chini na kubeba debe kwenda mashineni, na leo hakuna mtu anayesema ugali wa unga wa mashine si ugali. Aliyekuna nazi kwa mbuzi alifuatwa na anayenunua nazi iliyokunwa sokoni, na huyo akafuatwa na anayefungua tui la pakiti. Kila kizazi kinasema kupika halisi kumeishia pale mama yake alipoishia. Kazi iliyoachwa kabla ya hapo haina anayeililia, kwa sababu hakuna aliye hai anayekumbuka ilivyouma.

Mimi naishi katika mji uliojengwa na swali hili. Kati ya mwaka 1880 na 1930 Minneapolis iliongoza kwa kusaga ngano, kwa nguvu ya maporomoko ya mto Mississippi. Tarehe 2 Mei 1878 kinu kikubwa kilichoitwa Washburn A kililipuka kwa vumbi la unga na kuua watu 18. Magofu ya kinu kilichojengwa upya hapohapo sasa ni makumbusho. Nimempeleka binti yangu. Kwa hiyo hata yule anayekanda "kutoka mwanzo" anaanzia katikati. Kabla yake yupo mkulima, yupo mfanyakazi wa kinu, yupo dereva wa lori. Mikono ya watu imo ndani ya mkebe pia. Haimo tu mkono mmoja tunaopenda kuuona, wa mke au mama aliye nyumbani bila malipo.

Mkebe wenyewe ulitokana na mwokaji wa Louisville, Kentucky, aitwaye Lively Willoughby, aliyepewa hataza mwaka 1931. Mwaka 1951 kampuni ya Pillsbury, iliyoanzia hapahapa Minneapolis, iliinunua kampuni iliyokuwa ikiuuza. Tangu hapo ukawa chakula cha watu waliobanwa na saa. Sioni aibu kuhesabiwa miongoni mwao.

Sitasema mkebe hauna lawama. Una chumvi nyingi kuliko ambayo ningeweka mimi. Kwa miaka mingi unga wa aina hii ulikuwa miongoni mwa vyakula vilivyobeba mafuta yale yaliyogandishwa kwa haidrojeni, ambayo mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba hayahesabiwi tena kuwa salama. Waliosema zamani "hamjui mnakula nini" walikuwa na haki. Soma maandishi ya ubavuni kabla ya kununua. Kitu hiki ni cha sherehe, wala sikipiki kila Jumatatu.

Na kuna lawama moja nzito zaidi, ambayo katika ile nusu saa hakuna aliyeitaja. Sarafu niliyompelekea jirani yetu Kibokoni iliwalipia watoto wake ada. Dola ninazolipa dukani zinakwenda kwa kampuni isiyonijua. Hilo ni pengo la kweli, na linaniuma kuliko hotuba zote za baraka. Lakini tazameni linadai nini. Linadai tununue kwa jirani. Hapa kuna dada anayesukuma chapati na manda jikoni kwake na kuziuza zikiwa zimeganda, na mimi ni mteja wake wa kila mwezi. Ameniambia ni akina nani wanaomwomba punguzo na kuuliza kwa nini chapati kumi zifike bei hiyo. Mmojawapo ni yule kijana wa urithi. Kazi ya mkono anaisifu pale isipotoka mfukoni mwake.

Katika Ramadhani zote za utoto wangu, picha niliyo nayo ya mama ni ya mgongo. Alikuwa ameinamia mahamri, ameinamia chapati, ameinamia karai la kaimati. Nilikwenda na daftari, na jino lililong'oka, na kesi yangu dhidi ya kaka yangu, na jibu lilikuwa moja: "Subiri, nina unga mikononi." Hakuwa mkali. Alikuwa na unga mikononi. Leo bega lake la kulia halipandi kufikia kabati, na anapovaa buibui anasaidiwa. Hilo nalo ni sehemu ya ule urithi. Mnaoutaka, uchukueni mzima.

Mimi mahamri najua kuyakanda. Nayakanda siku za Idi, nikiwa na likizo, kwa tui na iliki na bega langu mwenyewe, na ninapenda. Napenda kwa sababu nimechagua. Mama yangu aliniambia kwenye simu ile ile, kabla ya salio kukatika, kwamba hakumbuki hata mara moja mtu kumuuliza kama leo anataka kukanda. Waliuliza tu kama yameiva.

Mwaka huu Halloween tutakuwa nyumbani tena, na nimekwisha kumwalika yule mama. Amekubali, kwa sharti kwamba yale maboga ya keema yawepo. Nimempa kazi: atafunga nyuzi, kwa kuwa vidole vyake ni vyepesi kuliko vyetu, na anaweza kukaa kwenye kiti. Kijana wa uzamili naye amealikwa. Kwake mlango uko wazi kuanzia saa saba mchana, na nimemwandalia kilo mbili za unga wa ngano, hamira, na beseni. Akija na kukanda, tutakula vya kwake. Akija saa kumi na mbili, atakula nilichofungua, na atakula kimya.