«Bado» si «hapana»

Mama mmoja jirani yetu hapa Kalemie aliuza mashini yake ya kushona kwa sababu ya mstari mmoja wa Kiingereza. Bwana yake anafanya kazi upande wa Manono, kwenye kampuni ambayo hatutaitaja, na mishahara ya miezi mitatu ilikuwa imekwama. Siku moja tangazo likabandikwa ukutani: «Not all arrears have been paid yet.» Mtu wa biro akaligeuza kwa Kifaransa: «Tous les arriérés n'ont pas été payés.» Chef d'équipe akachukua ile ya Kifaransa, akawasomea watu kwa Kiswahili: «Madeni yote hayakulipwa.»

Jioni bwana akapiga simu nyumbani. «Mama watoto, makuta yetu ilikufa. Hakuna tena.» Mashini ikaenda sokoni kwa bei ya kutupa, ili watoto wasifukuzwe masomo. Wiki tatu baadaye, makuta ikaanza kufika.

Hakuna aliyedanganya. Njo jambo linalotuuma zaidi.

Tuipime ile sentensi pole pole, kama mfuko wa kasiterite kwenye mizani. Kiingereza kilisema kwamba sehemu imelipwa, sehemu nyingine haijalipwa, na mlango uko wazi. «Not all» ni si yote. «Have been paid» inatazama hesabu ukiwa umesimama leo. Si hesabu ya zamani iliyofungwa. «Yet» ni bado. Kifaransa kilipopokea, kikaingia katika mitego miwili. «Tous… ne… pas» inaweza kuwa si yote, na inaweza kuwa hakuna hata moja. Anayesoma anachagua mwenyewe, kadiri ya woga wake. Tena «n'ont pas été payés» inafaa kwa jambo la leo na kwa jambo lililokwisha mwaka jana, sawasawa. Neno «encore» lingeokoa kitu, lakini halikuandikwa. Basi Kiswahili kikapokea mfuko uliokwisha kutoboka njiani.

Na Kiswahili kilikuwa na dawa tayari! Tukisema hatukulipwa, habari imekwisha. Tukisema hatujalipwa, tunangoja. Silabi moja, «ja», inabeba «have» na «yet» pamoja. Barabarani hatusemi hata sentensi nzima. Ukiuliza kwenye mugodi «Mulilipwa?», mtu anajibu «Bado», na kila mmoja anajua kwamba hakusema hapana. Kwa upande mwingine tunasema tumeshalipwa. Ile «sha», mtoto wa kwisha, ndiyo «already» ya Kiingereza, na inakaa karibu mahali pale pale. Wao wanaiweka katikati, «have already been paid». Sisi tunaiweka ndani ya kitendo chenyewe, tu-me-sha-lipwa. Mtoto wa Kalemie angeweza kujifunza jambo hili asubuhi moja. Lakini katika sekondari anafundishwa Kiingereza kwa kupitia Kifaransa. Anaambiwa «j'ai été payé hier», basi naye anaandika «I have been paid yesterday», mwalimu anakata kwa bic nyekundu. Mwingereza akitaja jana, anaacha «have» na kusema «I was paid yesterday». Sisi pia tukitaja jana tunasema nililipwa. Tofauti hiyo mtoto alizaliwa nayo mdomoni, ila hakuna aliyemwonyesha.

Kwa haki tuseme pia mahali ambapo lugha yetu inatuangusha. Tangu Kodi ya Madini ilipogeuzwa 2018, kampuni inaandikiana cahier des charges na wenyeji wa eneo: masomo, visima, barabara. Sasa chukua ripoti yenye maneno «The company has already built the classrooms», na nyingine yenye «The company has already built some classrooms». Ya kwanza inasema vile vyumba tulivyoahidi vimekamilika. Ya pili inasema vyumba fulani tu, labda viwili kati ya kumi. Kwa Kiswahili zote mbili zinatoka «Kampuni imeshajenga vyumba vya darasa», na chefu wa kijiji anatia sahihi akiwa na furaha. Hapa Kifaransa kinashinda, kwani kina «les» na «des». Sisi hatuna kile kineno kidogo mbele ya jina, basi tunapaswa kukiongeza kwa mkono: vile vyumba, vyumba vyote, vyumba vichache. Na kama ripoti inasema «has not built any classrooms yet», ile «any» ni hata kimoja. Mtafsiri mvivu anaiacha, maana anaona ni neno dogo.

Tena kuna fomu za daktari. «Have you ever had any chest illness?» Mchimbaji anaambiwa: «Una ugonjwa wa kifua?» Anajibu hapana, kwani leo hakohoi. Lakini swali halikuwa la leo. «Ever» ni ile «wahi» yetu: umewahi, tangu kuzaliwa kwako, kupata ugonjwa wowote wa kifua? Kama aliwahi kulala hospitali kwa ajili ya kifua, karatasi sasa inasema hakulala. Siku vumbi la mawe litakapomshinda, ile «hapana» itatolewa mbele yake. Wala hatusemi habari ya yule anayeandika «I have worked ten years» kuhusu mugodi aliokwisha kuacha, mkubwa anadhani bado yuko kule.

Wengine watatuambia kwamba Kifaransa ndicho lugha ya serikali. Ni kweli, Katiba ya 2006 inasema hivyo katika kifungu cha 1. Lakini kifungu hicho hicho kinataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, na kinaipa serikali kazi ya kuziendeleza bila ubaguzi. Kontra ibaki kwa Kifaransa, hatukatai. Tunachokataa ni Kifaransa kuwa daraja la lazima kwa kila karatasi inayotoka katika Kiingereza kwenda kwa mchimbaji. Zamani za Géomines, wakubwa wa Manono walikuwa Wabelgiji na daraja hilo lilitosha. Leo kwenye litiamu tunasikia Waaustralia wa AVZ, Wachina wa Zijin, sasa Waamerika wa KoBold, na watu wa namna hiyo wakikaa meza moja, kwa kawaida ni Kiingereza kinachowaunganisha. Karatasi itoke moja kwa moja katika Kiingereza mpaka Kiswahili, na ile ya Kifaransa ibandikwe kando yake. Watu wa kazi hiyo wako. Kila juma kuna vijana wetu wanaovuka ziwa kwenda Kigoma, na kule wanakuta Kiingereza na Kiswahili vikilala nyumba moja. Mshahara wa mmoja wao hautafilisi kampuni.

Na sisi wa ukurasa huu hatuko wasafi. Tunapokea habari kwa Kifaransa, tunaandika haraka, na zaidi ya mara moja tumeweka «hayakulipwa» mahali pa «hayajalipwa». Tunaomba radhi. Mukituona tena, mutuletee gazeti hapa biro, mutuonyeshe kwa kidole.

Yule bwana wa Manono, wanasema, sasa anasimama mbele ya kila tangazo na kuuliza kwa sauti: «Chef, ni yote ao sehemu? Ni bado ao ni hapana?» Wenzake walimcheka mwanzoni. Sasa wanangoja aulize ndipo waondoke.

Mashini ya bibi yake iko kwa mshonaji mwingine, karibu na soko. Alikwenda kuiomba tena. Aliyeinunua anataka bei mara mbili, na bado hawajapatana.