Pomboo wa Kizimkazi na ndagala wa kwetu



Wengi mmetuuliza sokoni: ninyi mlienda Dar es Salaam kununua vikwembe vya kikundi, mlifikaje kwenye samaki wakubwa wa bahari? Leo tunajibu.

Kwanza tusahihishe jambo moja. Pomboo si samaki. Anapumua hewa kama sisi, anabeba mimba karibu miezi 12, anazaa mtoto mmoja na kumnyonyesha ndani ya maji. Mtoto akizaliwa anapanda juu kupumua, na pengine mama yake anamsaidia kufika hewani. Kisha anamnyonyesha miaka miwili, pengine na zaidi. Kila pomboo ana mlio wake mwenyewe, kama vile sisi tulivyo na majina, na mtoto anatambua mlio wa mama yake. Mkikumbuka, picha ya pomboo na mtoto wake iko ukutani katika nyumba yetu ya mikutano. Ni kalenda ya zamani. Mwaka wake uliisha kitambo, lakini hakuna anayekubali tuitoe.

Basi, huko Dar mizigo ilichelewa siku tatu. Wanne tukasema: tumekuja mbali hivi, turudi Uvira bila kuwaona? Sanduku la kikundi hatukuligusa. Kila mmoja alitoa mfukoni mwake. Tukapanda meli mpaka Unguja, halafu gari mpaka Kizimkazi, kusini kabisa ya kisiwa.

Zamani wavuvi wa Kizimkazi waliwaua pomboo ili nyama yao iwe chambo cha kukamatia papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni walianza kuja kuwaangalia, na watu wakaona kwamba pomboo aliye hai analeta pesa leo, na kesho analeta tena. Tangu 1997 ghuba ile, inayoitwa Menai, imewekwa chini ya ulinzi.

Asubuhi tukaingia katika mashua. Tulipofika mahali pao, tulikuta mashua nyingine sita zimetangulia, injini zote zinanguruma. Pomboo wakitoka upande huu, mashua zote zinakimbia upande huu. Wakizama na kutokea upande mwingine, zote zinageuka. Wageni wanaruka majini na kupiga kelele. Katikati tukamwona mmoja ana mtoto ubavuni, mdogo kabisa, anamfuata mama yake kama kivuli.

Nahodha akatuambia: wamama, rukeni sasa, wako karibu.

Hapo tukagawanyika. Wawili walitaka kuruka. Tumelipa, walisema, na hatutarudi tena hapa maisha yetu yote. Yule mkubwa kwetu alikataa. Akauliza: ni nani kati yenu, siku alipotoka kujifungua, angependa watu wa mtaa wote wamkimbilie mbio, naye ana mtoto kwenye ziwa? Hakuna aliyejibu. Baadaye tulielezwa kwamba watafiti waliwaangalia pomboo wa Kizimkazi kwa muda mrefu, wakaona kwamba mashua zikiwa nyingi, wanapumzika kidogo na kuhangaika zaidi. Lakini asubuhi ile hatukuhitaji mtafiti. Kila mmoja wetu amewahi kunyonyesha.

Tukamwomba nahodha aende mbali kidogo na azime injini. Alitushangaa, lakini alikubali. Akasema: mkiwaacha, pengine watakuja, pengine hawatakuja.

Tukangoja. Mawimbi yalitutikisa mpaka mmoja wetu akatapika. Mashua nyingine zikaondoka moja moja. Halafu, mbali kama kutoka barabarani mpaka kanisani, tukasikia pumzi: pfuu! Na nyuma yake pumzi nyingine ndogo. Mama na mtoto. Walitokea mara mbili, mgongo na mgongo, kisha wakazama. Ni hayo tu. Hatukuwagusa wala hatukupata picha nzuri.

Mmoja wa wale waliotaka kuruka alikasirika mpaka jioni. Usiku, tulipokuwa tumelala, akaongea gizani. Alisema: leo tumemwonea huruma mtoto wa pomboo. Mbona ndagala wachanga ninawauza kila siku?

Tulikaa kimya, kwa sababu anauza nasi tunanunua. Katika Tanganyika yetu hakuna pomboo. Lakini sote tunajua wale wanaovua kandokando kwa vyandarua vya mbu, ambavyo vilitolewa vilinde watoto wetu na malaria. Matundu yake ni madogo mno, hayaachi hata mtoto wa samaki aliyetoka yaini juzi. Tunawanunua kwa sababu ni bei rahisi na watoto wanangoja chakula. Halafu tunalalamika kwamba samaki wakubwa wamepotea.

Hatuandiki haya ili tumhukumu mtu. Mwenzetu huyu ana watoto watano, na karo inatoka katika beseni lile la ndagala. Akiacha kuuza wachanga peke yake, jirani yake atauza, na yeye ndiye atakayelala njaa. Kwa hiyo lazima tuamue pamoja: wauzaji wote na wanunuzi wote, au hakuna. Na kama tunaamua, likilimba isaidie wale watakaopoteza faida miezi ya kwanza.

Jumamosi hii, saa nane mchana, tutaongea katika nyumba ya mikutano. Yeye mwenyewe ameomba afungue mazungumzo. Mje, hata ninyi msiokubali, tena zaidi ninyi. Kalenda itakuwa ukutani, kama kawaida.

Tukutane juma lijalo.