Mjafari na Kasumba

Hapa kwetu Shangani, Mtwara, aghalabu twamsikia msomi akiwacheka wazee wa bonde la Ruvuma kwa kuchemsha magome ya mjafari ili kutibu homa. Ati ni ushenzi! Lakini malaria ikimshika, msomi huyo huyo humeza dawa mseto kwa imani kamili, wala hajui kwamba anameza mtishamba wa Kichina.

Katika karne ya 4 mganga Ge Hong wa China aliandika kuwa mwenye homa aroweke konzi ya mmea fulani majini, aukamue na kunywa maji yake. Mwaka 1971 Bibi Tu Youyou, aliyekwisha kuhangaika na mmea huo bila ya mafanikio thabiti, aliyarudia maandishi hayo akatanabahi kuwa mzee yule hakutaja moto. Kumbe joto liliiua dawa! Akatumia etha, ichemkayo kwa joto dogo, na mwaka 1972 kiini chake kikapatikana. Mwaka 2015 alitunukiwa Nishani ya Nobel. Nasi Tanzania tulikwisha kuifanya dawa mseto kuwa tiba yetu ya malaria tangu 2006.

Siri yote, basi, ilikuwa katika mapishi, na mapishi yalikuwa yameandikwa. Ya mjafari ameyaandika nani? Gome hukatwa mwezi gani, upande gani wa mti, huchemshwa kwa muda gani? Muhimbili wanachunguza tiba asili tangu 1974, na Sheria ya mwaka 2002 ikaunda Baraza lake. Vema. Lakini sheria haimfuati bibi kizee shambani na daftari mkononi. Korosho zetu twazipima kilo kwa kilo. Maarifa haya hatuyapimi.

Wala hatuwatetei waganga wa chupa moja itibuyo maradhi thelathini. Hao ni maadui wa mjafari kuliko msomi, kwani dawa isiyokubali kupimwa hujifedhehesha yenyewe. Ge Hong naye alihitaji maabara.

Sisi pia tuna lawama. Tulivuka kwenda Msangamkuu kumwona mganga mmoja tuliyekuwa tukiahirisha safari yake mwaka hata mwaka, kwa udhuru wa kazi za ofisi. Tukakuta matanga yamekwisha kuanuliwa. Mjafari wake ungali uani, umechunwa magome upande mmoja tu, na nyumbani mle hapakuwa na mtu wa kutuambia sababu.