Maziwe: Fungu la Mchanga Linalotudai Haki

Ukisimama ufukweni Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani, maji yakipwa utaona baharini fungu jeupe la mchanga. Hiyo ndiyo Maziwe, hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walitaga mayai kwa wingi. Kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imetoweka kwa mmomonyoko, na leo bahari ikijaa mchanga wote hufunikwa. Ndiyo maana mayai ya kasa huhamishwa hadi ufukwe wa Ushongo yasisombwe na maji.

Wageni huja kutazama matumbawe na samaki. Barabara ya Tanga hadi Bagamoyo kupitia Pangani ikikamilika, pamoja na daraja la Mto Pangani, watakuja wengi zaidi. Hilo ni jambo jema. Lakini tujiulize: watakuja kuona nini baada ya miaka 20?

Matumbawe ni viumbe hai. Yale ya mabonge hukua kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Bonge lenye kimo cha mita 1 limeanza kukua kabla babu zetu hawajazaliwa, na nanga moja hulivunja kwa dakika. Pwani ya Tanga iliumizwa na baruti kwa miaka mingi, na joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi. Mwamba uliokwisha kujeruhiwa hivyo usiongezewe jeraha na mtalii anayesimama juu yake ili apigwe picha.

Dawa zake zinajulikana: mashua zifungwe kwenye maboya badala ya kutupa nanga, idadi ya wageni kwa siku iwe na kikomo, na maji machafu ya hoteli yasiishie baharini.

Hata hivyo, naona tunasahau jambo moja, nalo ni haki. Mvuvi wa Ushongo amekatazwa kuvua ndani ya hifadhi, wakati mgeni analipa kiingilio na kuogelea humo humo. Mvuvi huyo asipoona darasa, zahanati au ajira kutokana na kiingilio hicho, kwa nini ailinde Maziwe usiku, wakati hakuna askari? Mapato yasomwe hadharani katika mkutano wa kijiji, na vijana wa hapo wawe wa kwanza kuajiriwa kuongoza wageni.

Katika Laudato Si', waraka wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alitaja matumbawe yanayokufa, akasisitiza kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini hakitenganishwi. Wakazi wengi wa pwani hii ni Waislamu, nao pia wanakiri kwamba bahari ni amana ya Mwenyezi Mungu. Hapo tunaweza kushika kazi pamoja.

Nasi tunaokwenda Pangani kwa matembezi ya parokia tuanze na letu: tusinunue makombe wala matumbawe, tusikanyage mwamba, na tumuulize nahodha atafunga mashua wapi.