Nani Alimfanya Mchawi Kuwa Mwafrika?

Wenzangu chuoni hunicheka kwamba mimi, mtu wa makamo mwenye shahada ya uzamifu, hutumia sehemu ya mshahara kuagiza ng'ambo diski za katuni bubu. Nawaacha wacheke. Rafu yangu hapa Athi River hupanguswa kila asubuhi kwa ajili ya vumbi la saruji, na juu yake amekaa Gertie, dinosau wa Winsor McCay wa mwaka 1914, pamoja na paka Felix aliyezaliwa mwaka 1919. Lakini diski niipendayo kuliko zote ndiyo iliyoniletea taabu.

Nayo ni filamu ya Lotte Reiniger wa Ujerumani, ya mwaka 1926, juu ya Mwana wa Mfalme Achmed. Bibi huyo alikata vivuli kwa mkasi, akavilaza juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini, akavipiga picha moja moja kwa takriban miaka mitatu. Kati ya katuni ndefu zilizosalia duniani, hakuna iliyo kongwe kuliko hiyo. Ile ya Quirino Cristiani wa Argentina, ya mwaka 1917, ilipotea. Wataalamu wa Ujerumani na Uingereza waliihuisha mwaka 1998 na 1999 kutoka nakala chache za naitreti, filamu ya kale inayoshika moto upesi na kuoza ingali mkebeni. Walirudisha hata rangi zake. Kwa kazi hiyo nawavulia kofia.

Taabu imo katika maandishi. Jioni moja binti yangu aliniuliza, "Baba, mbona huyu mbaya anaitwa mchawi wa Kiafrika?"

Swali la haki. Waswahili tunazijua hadithi hizi kwa jina la Alfu Lela Ulela, na Reiniger alizichanganya. Katika hadithi ya farasi wa mpingo, mwenye farasi ni Mwajemi. Katika masimulizi ya Kiarabu ya Aladini, mchawi ni Mmaghribi. Antoine Galland, aliyeiandika hadithi hiyo kwa Kifaransa mapema katika karne ya 18, alimwita Mwafrika, na wengi wakamfuata. Hivyo Mwajemi na Mmaghribi wakaunganishwa wakawa mtu mmoja, naye akapewa bara letu zima kuwa kabila lake. Waliohuisha filamu walihuisha na neno hilo, kama ilivyowapasa.

Sisi hatupaswi kulibeba. Filamu bubu ina fadhila ambayo filamu ya sauti haina: haina midomo ya kulinganisha na maneno. Zama hizo kila nchi ilitoa vibao vya maandishi vya wenyewe na kutia vyake. Nasi kazi ya namna hiyo hatuigeni. DJ Afro husimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, kama Lufufu alivyokuwa akifanya Tanzania. Idara zetu za Kiswahili, zinazotoa tasnifu juu ya tafsiri kila mwaka, zinashindwaje kuwapa wanafunzi vibao vya katuni moja? Waanze na Gertie, ambaye hakimiliki yake ilikwisha zamani. Kwa Achmed itabidi ruhusa iombwe.

Wapo watakaosema kuwa huko ni kuficha ubaguzi wa wazee. La. Kibao cha zamani kibaki katika nakala yake, kionwe na kufundishwa. Ninachokataa ni mtoto wa Athi River kukipokea kama jina la kawaida, bila mtu wa kumweleza lilikotoka.

Kwa sasa nimeandika vibao vyangu katika daftari, nami huvisoma kwa sauti filamu ikiendelea. Juzi nilipofika penye "Mmaghribi", binti aliniomba nisimamishe diski, akaleta atlasi. Tukaitafuta Moroko.

"Lakini Baba," akasema, kidole kikiwa juu ya ramani, "hapa si Afrika pia?"

Nikabonyeza kitufe, farasi akaendelea kupaa.