Rahisi Isije Ikawa Ghali

Unapofika msimu wa kuwatafutia vijana nafasi vyuoni, swali la kwanza la wazazi wengi huwa ni moja: ada ni kiasi gani? Kwa vyuo vya VETA jibu limekuwa likifurahisha. Kwa miaka mingi ada imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na 120,000 kwa wa bweni. Ni nafuu ya kushukuriwa, kwani imewafungulia mlango watoto wa wanyonge. Hata hivyo, tuitafakari.

Ada hiyo haiwezi kulipia mwalimu, umeme, mbao na vyuma anavyohitaji mwanagenzi. Pengo huzibwa na Serikali, na chimbuko moja kubwa la fedha ni tozo ya kuendeleza ujuzi inayolipwa na waajiri kwa kufuata mishahara. Tozo hiyo ilikuwa asilimia 6 hadi mwaka 2013. Ikashuka hatua kwa hatua, na mwaka 2023 ikafika asilimia 3.5. Tena, kwa utaratibu wa muda mrefu, ni theluthi yake tu iliyoelekezwa VETA.

Ada ina ukomo na ruzuku ina ukomo, bali bei ya chuma haina. Fedha zikipungua, cha kwanza kupungua ni mazoezi. Kijana aliyestahili kuchomelea mara hamsini huchomelea mara tano, nyingine akamtazama mwenziwe. Cheti atapata, lakini mkono haujazoea. Ama gharama humrudia mzazi kwa njia nyingine: ovaroli, viatu, vifaa vya mkononi, nauli ya kwenda mafunzo ya vitendo.

Hatusemi ada ipandishwe. Kufanya hivyo ni kumfungia mlango yule yule tuliyemfungulia. Tunasema tozo inayokusanywa kwa jina la ujuzi iifikie karakana. Nasi wazazi, kabla ya kulipa, tuulize: wanafunzi wangapi hutumia mashine moja? Vifaa vya mazoezi hununuliwa na nani? Mafunzo ya vitendo ni wapi? Na kijana akihitimu, tumkabidhi kwa fundi mwaminifu mtaani amalizie kilichopungua.

Nyumba iliyofungwa umeme na mkono usiozoea huweza kuunguza familia nzima. Hapo ndipo tutakapojua gharama halisi ya mafunzo ya bei nafuu.